Fundi Kesho na Sikukuu ya Mikono Mitupu

Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika, na hata yeye mwenyewe nadhani hulikumbuka akikiona kitambulisho chake tu. Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, kwa sababu hakuna mteja wake ambaye hajalisikia neno hilo angalau mara tatu. Njoo kesho. Bado vifungo tu, njoo kesho. Ukija hiyo kesho unamkuta ameinamia nguo ya mtu mwingine, na yako iko kwenye rafu vile vile ulivyoiacha. Sasa wewe useme umechoka, unataka kitambaa chako ukipeleke kwa fundi mwingine. Hakubishii. Anakifungua taratibu mbele yako: tayari kimekatwa. Haya, kipeleke. Ni fundi gani atakubali vipande vilivyokatwa na mkono wa mwenzake?

Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake, na hakuitunga yeye, aliirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi. Mteja akishaweka kitambaa mezani, asiondoke kabla mkasi haujapita. Kushona kunaweza kungoja mwezi mzima, lakini kukata ni papo hapo, huku mteja bado anaeleza habari za shingo na mikono. Kwa miaka kumi na minane Fundi Kesho aliwanasa watu hivyo. Akili nyingi kweli, isipokuwa hakuwahi kujiuliza kwa nini na yeye haondoki pale dukani.

Sikukuu ndizo zilizomwumbua. Binti yake alikuwa na miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa baba hakukaa naye mezani siku ya sikukuu hata mara moja. Watu wanataka nguo zao, na rafu imejaa vipande. Basi anaingia nyumbani jioni, macho mekundu, nyuzi kichwani, mkono huu mfuko na mkono ule mfuko. Mdoli. Viatu. Seti ya vikombe ambayo hakuna aliyeiomba. Kadiri alivyochelewa ndivyo mfuko ulivyonenepa. Mkewe alikuwa akipokea, anasema asante, anapandisha juu ya kabati, na juu ya kabati sasa hapakuwa na pa kuweka hata kijiko.

Mwaka huu mkewe alimkalisha chini mapema, mwezi mzima kabla. Alikuwa anamenya viazi, na hakupandisha sauti hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha fundi.

"Mwaka huu hakuna zawadi," alisema.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Wala nguo mpya. Nitapika chakula chetu cha kila siku, tutakula, tutaongea. Saa nne asubuhi nataka nikuone kwenye kiti, na uje mikono mitupu."

"Na mtoto je? Si atalia?"

"Mtoto ndiye aliyeniomba nikwambie." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Saa nne ikipita, tunaondoka, tunaenda kwa dada yangu. Na sikukuu zote zijazo tutazifanyia huko huko. Nimechoka kumtazama mtoto anavyokaa dirishani."

Fundi akaapa. Na safari hii, jamani, tumpe haki yake, hakuapa mdomoni tu. Kesho yake alibandika karatasi mlangoni: hatupokei kazi za sikukuu. Wateja walicheka, wakadhani ni mbwembwe. Akawafukuza mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, mikono ameificha nyuma ya mgongo asije akagusa kitu. Rafu ikaanza kupungua. Siku nne kabla ya sikukuu ilikuwa tupu, na yeye akaanza kupiga miluzi.

Ndipo akaingia Mwalimu, mama mmoja mpole mwenye mabinti wanne, ndiye aliyemfundisha binti wa fundi kusoma.

"Sikuja kukusumbua, Fundi," alisema. "Nimeona tangazo lako. Nataka ushauri tu. Kitambaa hiki kitatosha magauni manne? Ni ya harusi ya mjomba wao, bado miezi mitatu."

Fundi akakishika kitambaa. Kilikuwa kizito, laini, cha rangi ya zambarau, cha kumtia fundi mate mdomoni. "Kitatosha," akasema. "Lete nikuonyeshe." Akakitandaza, akakikunja mara mbili, akachora kwa chaki, hapa mgongo, hapa marinda. Vipimo vya wale mabinti alikuwa navyo kichwani. Mwalimu akawa anamsimulia vituko vya wanafunzi wake, fundi anacheka, anaitikia, na mkono wake ambao hakuna aliyeutuma ukanyooka ukachukua mkasi.

"Fundi," Mwalimu akasema taratibu. "Umekata?"

Fundi akatazama chini. Alikuwa amefika katikati ya meza. Hata angetaka kubisha asingeweza, mkasi ulikuwa bado umefunguka kwenye kitambaa.

Uso wa Mwalimu ukanawiri. "Basi kama umeshakata, si watavaa sikukuu? Watafurahije."

Hapo mtu mwingine yeyote angesema hapana, dada yangu, samahani, nimepitiwa tu, magauni utayachukua baadaye. Neno ni fupi, halina gharama. Lakini kinywa cha fundi hakikuwa na mazoea nalo, na mbele yake alikuwa amesimama mtu aliyemfanya mwanawe ajue kusoma. Akajisikia akisema, "Watavaa." Alipotoka nje Mwalimu, fundi akakaa kwenye kiti cha wateja pale kizingitini, akajitukana tusi ambalo siwezi kulirudia hapa.

Magauni manne yenye marinda na bitana si mchezo. Alishona siku tatu mfululizo. Nyumbani hakusema kitu. Mkewe alizitazama nyuzi za zambarau kwenye suruali yake, akamtazama usoni, akapakua chakula. Mkesha ulipofika alikuwa amemaliza mawili.

Siku ya sikukuu alitoka alfajiri. "Narudi kabla ya saa nne," alisema mlangoni.

"Sawa," mkewe akajibu, bila kugeuka.

Duka lenyewe ni chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ukiweka meza ya kukatia, cherehani na meza ya pasi, mahali panapobaki ni pa makalio ya fundi peke yake. Alifunga mlango nusu, akainama. Nje akasikia mtaa ukiamka. Watu walipita wakisalimiana, wakitakiana heri, watoto wakikimbizana, na kila mlango uliofunguliwa ulitoa sauti za sahani. Zipu ya gauni la tatu ikagoma, akaifumua. Uzi ukakatika, akautunga, ukakatika tena. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Pasi imewashwa, dirisha halifunguki, jasho linamtiririka mpaka kwenye kope. Akamwona binti yake dirishani kana kwamba amesimama pale mbele ya cherehani. Alitaka kulia, na angelia, ila machozi yangedondokea kitambaa cha watu.

Mwalimu alikuja, akakaa pale kizingitini, akangoja kwa adabu, na ile adabu yake ndiyo iliyomsulubu fundi zaidi. Gauni la nne lilitoka kwenye pasi saa nne kasoro robo. Akamfungia Mwalimu magauni yake, akamuaga, akafunga duka, akatimua mbio. Kutoka pale mpaka kwake ni mwendo wa dakika kumi. Alikuwa amewahi. Nataka ulijue hilo vizuri: fundi huyu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amewahi.

Lakini njiani kuna duka kubwa, na lilikuwa wazi. Alilipita. Akapiga hatua kama tano, akaitazama mikono yake. Ataingiaje hivi? Mikono mitupu aliijua kwa maneno tu, hakuwahi kwenda nayo nyumbani sikukuu. Atasimama mlangoni aseme nini? Kitu kidogo tu, akajiambia, cha mtoto peke yake, dakika mbili. Akaingia. Alichagua haraka kalamu za rangi, kisha akaona mtandio, akasema na mama naye. Kufika kwenye foleni, mbele yake kuna watu watano na vikapu vimejaa, na alipogeuka ili aviache vitu atoke, nyuma yake walikuwa wamesimama wengine sita kwenye ule ujia mwembamba. Akabanwa hapo. Saa ya ukutani ikafika saa nne akiitazama.

Nyumbani alikuta kufuli. Akaligusa, sijui alitaka lifanye nini. Kisha akashika njia ya kwa shemeji yake, mitaa miwili mbele, polepole sasa, kwa kuwa hakukuwa tena na kitu cha kukiwahi.

"Hodi."

"Karibu mgeni," shemeji akasema, mwanamke wa utani asiyemwachia mtu. "Tulisikia huyu mtoto ana baba, kumbe ni kweli."

Walikuwa watatu mezani: mkewe, binti yake na shemeji. Chakula kilishaliwa nusu. Wakamvutia kiti. Mkewe aliutazama mfuko, hakumtazama yeye.

"Nilikwambia mikono mitupu."

"Ni kitu kidogo tu."

"Asante, baba," binti akasema. Akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akauweka chini ya kiti bila kuufungua, akarudisha macho mezani. "Tunacheza. Badala ya zawadi, kila mtu anamwambia mwenzake jambo moja walilofanya pamoja mwaka huu. Mama ameshaniambia, na mama mkubwa ameshaniambia. Sasa mimi na wewe."

Akafikiri, ulimi ameung'ata kidogo.

"Mimi ya kwako ni siku ile umeme ulipokatika mtaa mzima, cherehani ikazima. Ulikuja nyumbani jua bado linawaka. Tukaosha vyombo, wewe unasuuza, mimi nafuta. Ukavunja kikombe, tukakificha mama asijue."

"Kumbe," mama akasema, na wote wakacheka, fundi naye akacheka.

"Ile ndiyo siku nzuri kuliko zote," binti akaendelea. "Niliomba umeme usirudi. Ila ulirudi."

Alisema tu, hakulalamika.

"Haya, zamu yako."

Fundi akafungua kinywa. "Ya kwangu," akasema, "ni ile ile. Ya vyombo."

"Hiyo nimeshaisema mimi, baba. Tafuta nyingine."

Akatafuta. Alianza na mwezi wa kwanza, akapita wa pili, wa tatu, na kila mwezi aliona magauni ya watu, suruali za watu, vifungo, makoti ya shule za watoto wa watu. Mkewe sasa alikuwa anamtazama usoni. Shemeji naye aliacha utani, akashusha macho kwenye sahani.

"Usiwe na haraka," binti akasema, akaegemeza kidevu kwenye viganja. "Tunakungoja."

Wakamngoja. Akaurudia mwaka mzima tangu mwanzo, na hiyo nyingine hakuipata.