Koti Lililoezeka Darasa

Mpaka leo mvua ikipiga juu ya bati natamani kuziba masikio. Wa rika langu husema ni sauti tamu ya kulalia. Waache waseme. Mimi najua bati zetu za kwanza zilipatikana kwa kitu gani, na aliyetoa shauri ni mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, upande wa Igowole, ambako ukungu ulishuka alfajiri na siku nyingine ukakataa kuondoka mpaka mchana. Shule yetu ya misheni ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi na paa la nyasi lililovuja. Mkaguzi alikuja, akatazama juu, akasema pasipo bati hapatakuwa na darasa la nne. Kwangu maana yake ilikuwa moja tu. Shule nyingine ilikuwa mbali, ya kwenda kulala huko huko, na mtoto wa kike wa mjane hakuwa mtu wa kupelekwa mbali. Ningeishia darasa la tatu na kurudi shambani.

Kwetu watu hawakuchanga fedha, maana fedha hazikuwepo. Tulikuwa na mnada. Baada ya ibada kila mtu alileta alichonacho, mahindi, viazi, kuku, kikapu cha nyasi za milulu, na mzee wa kanisa akasimama nje akiinua kimoja kimoja na kumtaja aliyetoa. Wenye uwezo walinunua. Kama kitu kilikuwa cha mjane au cha mgonjwa, aliyenunua alilipa, kisha akapita taratibu karibu na mwenyewe na kukirudisha kwenye kikapu chake bila kusema neno. Kuku wetu mwekundu alitolewa sadaka mara tatu, na mara zote tatu alilala nyumbani. Hakuna aliyelipa jambo hilo jina. Lilifanyika tu.

Mwalimu wetu alikuwa mgeni. Alitoka chini kule Kyela, kwenye joto na mpunga, na baridi yetu ilimtesa. Alikohoa kuanzia asubuhi hadi tunapofunga. Hakuupenda mnada wetu. Alikuwa ameona siku moja mzee wa kanisa alivyoinua mayai mawili ya bibi mmoja, akamtaja, na watu wakacheka chinichini. Akasema mnada wa bati utakuwa wa heshima. Vitu vitapokelewa darasani, nyuma ya shuka, na hakuna atakayetajwa. Jumbe hatamlazimisha mtu. Wala hatutauza ulanzi, pombe ya mianzi, kwa ajili ya shule, ingawa ulanzi ndio ungeleta fedha upesi. Aliye na kidogo asione haya. Maneno hayo nimeyageuza kichwani maisha yangu yote nikitafuta kosa, na sijaliona, na hilo ndilo linaloniudhi.

Alituagiza tukawaeleze wazazi. Mimi sikumweleza mama. Si kwamba nilimficha. Niliyaona ni mambo ya wakubwa, na kabla sijafika nyumbani yalikuwa yamenitoka.

Nyumbani tulikuwa na mayai, na tulikuwa na koti. Koti lilikuwa la baba. Alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu, Chunya, na aliyerudi ni mwenzake mmoja amelibeba mkononi, pamoja na habari kwamba homa imemchukua na wamekwisha kumzika huko. Lilikuwa koti zito la kijivu. Mama hakulivaa nje hata siku moja. Alijifunika nalo ndani, na kila jioni kabla ya kujifunika aliingiza mkono mfukoni, ambamo zilibaki chembe za tumbaku, akanusa vidole vyake. Nilizoea kumwona akifanya hivyo, kama nilivyozoea kumwona akikoroga uji.

"Mama, tutoe koti," nilimwambia Jumamosi ile.

Akauliza, "La baba yako?"

"Mayai hayaezeki nyumba. Koti litapandishwa bei. Halafu watatulipia, waturudishie. Mbona kuku anarudi?"

"Watajua ni letu?"

"Watajua. Si siku zote wanajua?"

Nilikuwa hodari wa kujibu, mtoto mimi. Mama alilikung'uta vumbi, akalikunja, akanipa nilibebe.

Jumapili nililipitisha nyuma ya shuka, likapokewa. Mama alikwenda kusimama penye njia, mahali wajane walipozoea kusimama, kikapu chake kikiwa wazi miguuni. Mzee wa kanisa alipoliinua koti watu waliguna. Hakuna aliyewahi kuliona. Hata jirani zetu walidhani limetoka kwa wakubwa wa mashamba ya chai. Bei ikapanda, ikapanda tena, na aliyeshinda alikuwa mwalimu. Alilivaa pale pale. Lilimkaa barabara mabegani, na watu wakacheka kwa furaha na kumpigia makofi, maana wote walikuwa wamechoka kusikia kile kikohozi.

Nilimtazama mama. Alikuwa anapiga makofi pamoja nao. Ndipo nilipolikumbuka lile shuka, na neno la mwalimu kwamba hakuna atakayetajwa. Watu waliondoka mmoja mmoja wakipita mbele yake na kumsalimu, "Kamwene," naye akaitikia, "Kamwene," mpaka njia ikawa tupu na kikapu nacho tupu.

Tukiwa njiani nilimweleza habari ya shuka, nikamwuliza, "Nimwambie mwalimu?"

"Ukimwambia atalivua," alisema. "Atakohoa tena. Na bati je? Nazo tutakwenda kuziezua?" Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine. Afadhali angenichapa.

Bati zilikuja. Darasa la nne likafunguliwa, na mwaka mzima nilikaa dawati la mbele nikitazama mgongo wa baba yangu ukiandika ubaoni. Mvua ilipopiga bati hatukuweza kusikilizana. Mwalimu aliweka chaki chini, akatia mikono mifukoni, akatusubiri. Nami nilitazama ile mifuko.

Mama alianza kuleta kuni shuleni. Hakuna aliyemwomba. Aliutua mzigo nyuma ya darasa, akasimama kidogo dirishani, akaondoka. Nilidhani anakuja kuniangalia mimi nasoma, nikawa nakaa wima, natembeza kalamu hata kama hakuna cha kuandika. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba hakai dirishani ila mwalimu akiwa ametugeuzia mgongo. Akigeuka tu, mama hayupo.

Mwisho wa mwaka mwalimu alihamishwa, akarudishwa upande wa Mbeya. Asubuhi ya kuondoka alikaa barazani na sanduku lake akisubiri gari la kumfikisha Nyololo, kwenye barabara kuu. Tulikwenda kumuaga. Mama alimsalimu, akainamisha uso, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwalimu, kifungo yako inataka kuanguka. Nipe nishone."

Alikuwa amekuja na sindano na uzi. Mwalimu alilivua. Mama alikaa chini, akalilaza mapajani, akakishona kile kifungo. Kisha akakishona cha pili, kilichokuwa imara. Akashona vyote. Gari lilisikika likipanda mlima, naye bado anakata uzi kwa meno.

"Ndaga, mama," mwalimu alishukuru kwa lugha ya kwao, akilivaa. "Koti hili limenilinda. Mungu amjalie aliyelitoa."

Nilifungua mdomo. Mama alinishika mkono kwa nguvu, nikaufunga.

"Amina," mama akasema. "Safari njema, mwalimu."

Tulirudi kwa miguu kwenye ukungu. Tulikuwa karibu na nyumbani aliposema, bila kunitazama, "Nimeingiza mkono mfukoni. Mna chaki tu."

Aliviinua vidole, vilikuwa vyeupe, akavinusa hata hivyo. Wiki ile mimi nilikuwa nimefaulu mtihani wa darasa la nne.