Mabati ya Mama Mkwe

Alama nyekundu ya X ilipakwa kwenye ukuta wa hoteli yangu asubuhi, wateja wakiwa bado wanakunywa chai. Nilitoka na mwiko mkononi. Nina mdomo, ufuo mzima unajua, lakini msichana wa ofisi ya mazingira aliyekuja na wapaka rangi hakunipa nafasi ya kugomba. Alikuwa na adabu kupita kiasi, na mtu wa adabu ni vigumu kumtukana.

"Title yako ya ardhi hatukatai, Mama," alisema. "Lakini hapa ni riparian, ni ukingo wa ziwa. Maji yalifika hapa."

"Yalifika yakarudi. Wewe unaona maji hapa?"

"Yakishafika, sheria inahesabu kutoka hapo."

Kweli yalifika. Ile miaka ziwa lilipofura, maji yaliingia hadi chini ya meza, tukauza samaki tukiwa tumekunja sketi. Kisha yakarudi yalikotoka, nami nikadhani yamekwisha hayo. Kumbe ziwa hurudi lakini mstari wake haurudi. Ndani ya mstari huo mpya kulikuwa na hoteli, stoo, na nyuma yake nyumba ya mama mkwe wangu. Lilikuwa boma lote la marehemu mume wangu, isipokuwa makaburi, yake na ya baba yake, yaliyo upande wa pili wa barabara.

Tulipewa hadi Ijumaa. Tutakachobomoa wenyewe kingebaki chetu, na kitakachokutwa na mashine kingekwenda na mashine.

Mchungaji mmoja wa kanisa alinionea huruma, akanipa kiwanja kidogo ng'ambo ya barabara, nje ya mstari. Alitoa sharti moja tu: niezeke kabla ya mvua, la sivyo kuna mama muuza mkaa anakitaka. Sasa kuezeka na nini? Mabati ya hoteli yalikuwa yameliwa na moshi wa samaki. Ukiyashika yanabaki mkononi. Mabati mazuri yalikuwa mahali pamoja tu, juu ya nyumba ya mama mkwe. Mume wangu aliyapiga mwaka wake wa mwisho duniani, ya geji nzito, kwa sababu mama yake alilalamika kwamba anavujiwa. Bila mabati hayo sikuwa na hoteli, na bila hoteli sikuwa na karo ya watoto wala unga.

Lazima nieleze jinsi nilivyoishi na mama huyu. Tangu nilipoolewa aliniita nyar Nyeri, binti wa Nyeri. Hakunitukana hata siku moja. Lakini wake wa shemeji zangu walioko Nairobi, wanaokuja Krismasi kula kuku na kuondoka, anawaita chi wuoda, mke wa mwanangu. Mimi ninayempikia kila siku ni nyar Nyeri. Liliniuma, nikalimeza, nikazoea kulimeza.

Alhamisi walikuja mafundi wawili kutoka mtaa wa Manyatta. Waling'oa milango na mbao za hoteli, wakamaliza stoo, wakaingia uani. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni pake anachambua omena, dagaa wa ziwani. Fundi mkubwa alimtazama, akaweka nyundo chini.

"Hiyo siwezi gusa, Mama. Mwenyewe iko."

"Nitamtoa nje."

"Si hivyo. Iko hai."

Nilielewa. Kwa Wajaluo paa la nyumba hufunguliwa mwenyewe akishakufa. Kulifungua akiwa hai ni kukikaribisha kifo, na chira, laana ya kuvunja mwiko, huliandama boma. Nilikuwa nalijua jambo hilo kama unavyojua nyimbo za kanisa la jirani: unazisikia, huziimbi. Nilimwendea.

"Mama, kesho mashine inakuja. Haya mabati itakunja yote."

"Wacha ikunje."

"Basi nitapanda mwenyewe. Mimi si Mjaluo. Chira haijui njia ya Nyeri."

Mafundi walicheka kidogo. Yeye hakucheka. Alitoa jani kwenye omena, akalitupa kando.

"Nani alikudanganya?" aliniuliza. "Itaanza na wewe, halafu watoto wako. Wewe ni chi wuoda. Mkono yako ikifungua hii nyumba, ni mkono ya hii boma."

"Na serikali ikifungua?"

"Serikali haina mama. Wacha ifungue."

Neno nililolingoja miaka yote ya ndoa yangu lilikuwa limekuja, na limekuja kuchukua paa langu. Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta. Nyundo ilikuwa pale chini. Yule mama ni mzee, hangeweza kunizuia, na mafundi walikuwa wamegeuza nyuso. Niliweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Mama mkwe alinitazama tu kwa hofu, na hofu hiyo haikuwa ya nyumba yake. Nikautoa mguu.

Ijumaa alivuka barabara na kigoda chake na chungu chake, akakaa karibu na makaburi. Msichana wa mazingira alishangaa. "Mbona hamkutoa mabati, Mama? Si tuliwaambia?" Dereva wa mashine, kijana wa huku huku, alilitazama paa, akamtazama mama mkwe kule ng'ambo, akasema kitu chini chini kabla ya kuwasha. Paa lilikwenda kwa pigo moja. Nililia mbele za watu, na sikuona aibu.

Sasa nauza chini ya turubai. Halikutosha kufunika kiwanja kizima, kwa hiyo nusu yake alipewa muuza mkaa, na vumbi lake huingia kwenye sufuria zangu. Mvua ikinyesha turubai linabonyea katikati, wateja wanahamisha sahani. Mama mkwe hukaa pembeni na omena wake, na ndiye huwa wa kwanza kuona.

"Chi wuoda, maji," ananiambia.

Nami nainuka na ufagio, nayasukuma yamwagike nje.