Njia Inayopita Mkunazini

Safari ya Unguja tuliipanga juu ya mkeka, uani kwetu Nachingwea, mwaka ambao ufuta wetu ulikubali vizuri na matrekta ya mradi wa karanga yalikuwa bado yananguruma porini. Mume wangu alikaa Unguja ujanani, akibeba mizigo ya matajiri kutoka bandarini, kabla hajarudi kwao Chiola na kunioa. Mimi nilizaliwa Matambarale. Mji mkubwa niliowahi kuuona ni Lindi, tena kwa siku moja, na siku yenyewe nilikuwa naumwa jino.

Ijumaa moja, baada ya swala, alichukua maganda ya karanga akayapanga mkekani.

"Hapa Malindi, tutakaposhuka melini. Tutakwenda kwa miguu tu, mama watoto. Vichochoro vya kule ni vyembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tutapita Forodhani, tutaona jumba lenye saa, kisha Shangani."

Nilikuwa namsikiliza kama mtoto. Halafu akaweka ganda jingine, taratibu kuliko yale ya kwanza. "Hapa Mkunazini."

"Hapo kuna nini?"

"Kuna mama mmoja anashona kofia. Nilikuwa nampelekea vitambaa, naye akinipa chai."

"Ni mama, au ni mwanamke?"

Akakohoa. "Siku zile alikuwa msichana tu."

Tangu hapo kila tulipoketi kupanga, mimi niliondoa ganda la Mkunazini, na yeye akalirudisha.

"Sasa tutafikaje sokoni Darajani?" aliniuliza.

"Tutazunguka."

"Tuuzunguke mji mzima kwa kukwepa kikombe cha chai?"

Siku moja nilimuuliza, kama mtu asiyejali, mlango wa nyumba hiyo ukoje. Akajibu hapo hapo. Hata misumari yake ya shaba aliikumbuka. Mtu huyo huyo nilikuwa nimemwambia mlango wetu umeng'oka bawaba, akaniuliza mlango upi. Nililala nimempa mgongo. Kesho yake nilikwenda gulioni Ruangwa nikanunua kanga mpya, ya rangi kali, nayo sikuinunua kwa ajili ya Unguja. Niliinunua kwa ajili ya yule mwanamke.

Tulipofika Unguja, homa ilimshika mume wangu. Tulikuwa tumefikia kwa ndugu yake, mtaa wa Ng'ambo, naye akalala hapo akitetemeka chini ya blanketi. Habari zilimfikia mshona kofia, sijui kwa mdomo wa nani, akaja mwenyewe. Nilipomwona mlangoni nilitamani awe amezeeka. Hakuwa amezeeka. Alimpa mgonjwa pole, akauliza habari za watoto, kisha akanigeukia.

"Mwache shemeji apumzike, dada. Nitakutembeza mimi."

Nilivaa kanga yangu nikamfuata, nimekaza uso. Tukapita njia ile ile ya maganda, ila yeye alianzia mwisho: Darajani, Mkunazini, Shangani, Forodhani. Alikata kona bila kutazama. Kiswahili chake kilitoka bila kukwama, wakati mimi, niliyelelewa kwa Kimwera na kujifunza Kiswahili sokoni, nilitafuta kila neno. Watu walimsalimia madirishani, akajibu huku anatembea. Hakuna aliyemuuliza anakokwenda.

"Huwa unakwenda wapi ukipita huku?" nilimuuliza.

"Popote. Nikichoka kushona natoka, natembea, narudi."

"Na mumeo?"

"Alishafariki. Hata alipokuwa hai nilikuwa natembea."

Hapo nilisimama. Nilikuwa nimekuja kumlinda mume wangu, na kumbe tangu Shangani sikuwa nimemkumbuka. Wivu ulikuwepo bado, tena mkali zaidi, lakini ulikuwa umehama. Niliionea wivu miguu yake. Kwetu, mwanamke akitoka bila jembe, bila kikapu, bila ndoo, hamalizi nyumba tatu kabla hajaulizwa kuna msiba gani.

Alinipa chai nyumbani kwake. Ilikuwa nzuri, na hilo nalo liliniudhi.

Mume wangu alipona siku ya kuondoka, mji hakuuona. Melini aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mlizungumza nini?"

"Tulitembea," nilisema. Akahangaika na jibu hilo mpaka Lindi.

Baada ya mavuno yaliyofuata nilimwambia nataka kwenda Lindi peke yangu.

"Kununua nini?"

"Kutembea tu."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaenda kuniulizia lori.