Perpetua na Perege wa Basotu

Mtoto alikuwa anapungua. Hilo ndilo lililompeleka Perpetua ziwani, na akija mtu kukuambia kwamba alikwenda kwa ujeuri, mwambie akaione kwanza kadi ya kliniki.

Kadi ilikuwa ya Fransiska, binti yake wa miaka miwili. Kwa miezi mitatu mstari wa uzito ulikuwa ukiteremka kama mtu anayeshuka mlima Hanang mvua ikimfukuza. Nesi Tekla alimtundika mtoto kwenye mzani, akasoma, akachora nukta yake, kisha akamgeukia mama.

"Unampa nini?"

"Uji."

"Uji na nini?"

"Na maji," alisema Perpetua, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kweli.

Nesi hakucheka. "Mama Fransiska, nisikilize. Kliniki nyingine ni baada ya wiki tano. Kama hajapanda, nakuandikia barua umpeleke hospitali akalazwe, na wewe ulale naye huko, hata mwezi mzima. Mpe maziwa, mayai, maharage, samaki. Chochote katika hivyo."

Perpetua alirudi nyumbani Basotu akivipanga kichwani kimoja kimoja. Maziwa: mume wake Margwe alikuwa amepeleka ng'ombe upande wa Singida, maana mbuga walizozoea kuchungia zilikuwa sasa shamba la ngano la serikali, ngano tu mpaka macho yanachoka. Aliyebaki zizini ni ng'ombe mzee mmoja aliyekauka tangu Krismasi. Mayai: kuku wote walikwisha kwa kideri ndani ya siku mbili. Maharage: mvua ilikatika yakiwa kwenye maua. Na kulazwa mwezi mzima? Mahindi yale machache angevuna nani? Nani angemchotea maji mama mkwe, ambaye magoti yake yalikuwa hayamfikishi hata kisimani?

Walibaki samaki.

Kwa watu wengine hapo hakuna habari ya kusimulia. Ziwa lipo, mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni. Lakini Perpetua alizaliwa Balangdalalu, karibu na ziwa la chumvi ambalo hata chura haliwezi, katika nyumba ya ng'ombe, akaolewa katika nyumba ya ng'ombe. Kwao samaki alikuwa mdudu wa majini. Tena maziwa na samaki havilali nyumba moja. Harufu ya samaki ikiingia kwenye vibuyu vya maziwa, ng'ombe anakauka. Mama Margwe alifundishwa hivyo na mama yake, na yeye alimfundisha mkwewe siku ile ile ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha mahali pa kulala.

"Vibuyu vyenyewe vimejaa buibui," alisema Perpetua jioni ile.

"Buibui hana harufu," alijibu mama mkwe.

"Mama, mtoto anaisha."

Mama Margwe alimtazama mjukuu wake aliyelala kwenye ngozi, miguu kama vijiti vya kuchokonolea moto. Yeye mwenyewe alikuwa amezika watoto wawili, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

"Utapika nje," alisema mwishowe. "Sufuria yake, kijiko chake, moto wake. Na ukitoka huko unanawa mpaka kwenye viwiko ndipo uingie kwangu."

Ukingoni mwa ziwa alikuwepo mzee Doto, Msukuma aliyekuja Basotu miaka mingi nyuma na hajapata sababu ya kurudi. Mitumbwi na nyavu alikuwa amewaachia vijana, yeye akavua kwa ndoano akiwa ameketi juu ya jiwe lake. Samaki wake waligombewa asubuhi na mapema na wafanyakazi wa shamba la ngano, na mwenye mfuko mtupu alibaki kuangalia magamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Samaki wameisha, mama."

"Sikuja kununua. Nimekuja unifundishe."

Doto alimpima kwa macho, kuanzia shuka mpaka miguu. "Mtu wa maziwa avue samaki. Ng'ombe wenu watasemaje?"

"Wako Singida. Hawatusikii."

Mzee alipenda jibu. Alimuuliza kama ana minyoo, ile ya kwenye udongo wenye mbolea, maana hiyo ndiyo chambo na jua la mwaka ule lilikuwa limemmalizia yake. Perpetua alikuwa na zizi tupu lenye samadi ya miaka kumi. Wakapatana hapo hapo: yeye atakuja na kopo la minyoo kila asubuhi, na mzee atampa ndoano, uzi wa nailoni na maneno.

Maneno yalikuwa mengi kuliko ndoano.

Siku ya pili Perpetua alikuja pia na mfuko wa magadi. Alikuwa amewaza usiku kucha, akaona jambo ni rahisi: ng'ombe ukitaka waje, unawawekea chumvi, wanakuja wenyewe wakikanyagana. Alikuwa ameshamwaga konzi mbili majini ndipo Doto akamwona.

"Unafanya nini?"

"Nawaita."

Doto aliweka ufito wake chini ili acheke vizuri. "Mama Fransiska, unataka kuwavua au unataka kuwachemshia na maharage?"

Habari ilifika kwa vijana wa mitumbwi kabla jua halijapanda. Tangu siku hiyo kila aliyepita alimuuliza kama kundi limeshiba chumvi. Aliwajibu kwamba kundi limeshiba, limebaki kupelekwa josho, na waje wamsaidie kuliogesha, maana hata wao walionekana kulihitaji. Wakapunguza maswali.

Lakini samaki hawakuja kwa maneno. Wiki nzima Perpetua alilisha ziwa. Alitupa uzi, kipande cha tete kikaelea, kikatikisika, naye akatulia. Alipovuta, ndoano ilikuwa safi kama imelambwa.

"Unangoja nini?" aliuliza Doto.

"Nimemwacha aonje kwanza."

"Aonje kwa nini?"

Perpetua alimweleza kama anayemweleza mtoto. Unapokamua, unamwachia ndama anyonye kidogo ili mama yake ashushe maziwa, ndipo unamwondoa. Ukimwondoa mapema, ng'ombe anakunyima. Ndivyo mikono yake ilivyozoea tangu ana miaka sita.

"Sasa huku unategemea kumkamua nani?" alisema Doto. "Akigusa, vuta."

Basi wiki ya pili akavuta. Alivuta kila tete lilipotikisika, likitikiswa na samaki, na upepo, na wimbi la mtumbwi. Siku moja alivuta kwa hasira, ndoano ikaruka juu ya kichwa chake, ikamng'ang'ania mgongoni kwenye shuka. Doto alikuja kuichomoa taratibu, huku mabega yakimtikisika.

"Leo umepata mkubwa," alisema. "Huyu hata sokoni hawezi kununulika."

Perpetua hakucheka. Alfajiri ile Fransiska alikuwa ameshindwa kusimama akitafuta mlango. Aliketi chini kama mzee, hata kulia hakulia. Wiki zilizobaki zilikuwa tatu.

Siku iliyofuata alikataa kuangalia tete. Lilikuwa linamdanganya. Aliushika uzi kwa vidole viwili, akageuza uso upande wa ngano, akasikiliza kwa mkono. Kwanza alisikia kugonga. Tuk. Tuk. Akakujua kule kugonga kwa pua: ndama hufanya hivyo, hupiga kiwele kwa kichwa kabla hajashika. Hapo hanyonyi, anabisha hodi. Wiki iliyopita alivuta wakati wa hodi. Ile ya kwanza aliacha mpaka mgeni akala akaondoka. Katikati pana kitambo kifupi, ndama anapofunga mdomo na shingo yake yote inakuwa nzito. Mkono wa mkamuaji unakijua kitambo hicho gizani.

Uzi ukawa mzito. Akavuta.

Perege wa ukubwa wa kiganja alitoka majini akiruka, akaangukia majanini, akapiga mkia. Perpetua, aliyewahi kumshika fahali pembe mbele ya wanaume, alirudi nyuma hatua tatu.

"Mshike," alisema Doto.

"Ananiangalia."

"Hafungi macho huyo, hata akilala. Mshike kabla hajarudi kwao."

Alimshika kwa shuka. Siku hiyo alishika watatu. Doto alimfundisha kupara magamba kuanzia mkiani, kutoa matumbo bila kupasua nyongo, kuchemsha na chumvi, kisha kuchambua nyama kwa vidole mpaka usibaki mwiba hata mmoja. Perpetua alichambua mara tatu. Nyuma ya nyumba, kwa sufuria yake na moto wake, alichanganya tonge la ugali na samaki, akalitia mdomoni mwa mtoto. Fransiska alilitema. Akalitazama pale chini. Kisha akafungua mdomo tena.

Hapo mambo yangenyooka kama Julai isingekuwa Julai. Upepo wa kutoka mlimani ulikuwa unakata, na kula nje jioni kulimletea mtoto kikohozi. Tonge moja, kikohozi, tonge moja, kikohozi. Mama Margwe alikuwa ameketi mlangoni, shuka mpaka masikioni, akitazama. Jioni ya tatu aliinuka kwa kushika ukuta. Akaingia ndani, akashusha vibuyu vyote vinne, akavipanga kwenye kapu na kujitwika.

"Mama, unakwenda wapi na magoti hayo?"

"Kwa jirani, mke wa Julius. Vibuyu vinataka kufukizwa, na kwake kuna moshi mzuri."

"Moshi hata hapa upo."

"Nimesema kwake kuna moshi mzuri." Alikuwa ameshafika kwenye ua. "Vitakaa huko mpaka ng'ombe warudi. Muingize mtoto ndani, unamlisha baridi."

Alikwenda polepole, akisimama kila baada ya hatua kumi. Perpetua alijua hapaswi kumfuata wala kumshukuru. Yeye mwenyewe mama mkwe hakuonja samaki hata mara moja, na usiku alilala upande wa mbali, pua kwenye blanketi. Lakini kuni za asubuhi zilikutwa tayari zimekatwa.

Siku ya kliniki ilikuwa na msururu mpaka nje ya ua. Nesi Tekla alimtundika Fransiska, na Fransiska, ambaye mara ya mwisho alining'inia kama nguo iliyoanikwa, alimpiga nesi teke la tumbo.

"Amepanda kilo moja kasoro kidogo," alisema nesi, akasoma tena ili ahakikishe. Nukta mpya ikakaa juu ya ile ya zamani. "Barua siandiki. Umempa nini?"

"Samaki."

Msururu ukasogea nyuma. Mama mmoja alivuta khanga ya mwanawe isimguse.

"Nani anakuuzia?"

"Navua mwenyewe," alisema Perpetua, kwa sauti ya kufika mpaka nje.

Alipokuwa ameshapita shamba la kwanza la ngano, alisikia hatua nyuma yake. Alikuwa Benedikta, jirani wa upande wa pili wa korongo, ambaye mume wake naye alikuwa amehama na ng'ombe. Walitembea pamoja mpaka wengine wote wakakata njia zao.

"Hiyo ndoano inauma?"

"Ikikuchoma inauma."

"Na mama mkwe wako alikubali?"

"Mambo ya mama mkwe wangu kamuulize mwenyewe. Mimi nakwambia ya ziwani tu."

Benedikta alikaza mbeleko. "Huyu wangu ana miaka mitatu, na bado nambeba."

"Nimeona."

Wakaenda tena hatua kadhaa.

"Kesho unakwenda saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, kabla upepo haujaamka. Kata ufito mrefu kuliko wewe. Minyoo nitakugawia mpaka upate yako. Na huyo mzee utakayemkuta atakucheka, wewe mwache acheke, anafundisha huku akicheka."

Benedikta aliitikia kwa kichwa, akashika njia ya korongoni. Perpetua alimhamishia Fransiska upande wa pili wa kiuno, maana alikuwa ameanza kuchosha mkono, akapita nyumbani bila kusimama, akateremka ziwani. Cha kula jioni kilikuwa bado majini.