Alama nyeupe kwenye kanda ya fundi Abdurahim

Saa mbili na robo asubuhi, nyumba ya mwisho kwenye safu ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, mtaani Ziwani. Abdurahim Musab amepiga magoti mbele ya amplifaya ya gitaa iliyofunguliwa mgongo. Ndani yake valvu nne za kioo, zilizosimama wima kama balbu, zinaanza kuwaka rangi ya chungwa. Fundi hagusi kitu. Mikono ameifunga nyuma, anasubiri zipate moto.

“Ukiwa na haraka, kazi hii itakuzika,” anasema bila kugeuka. “Umeme wa humu ndani unamrusha mtu ukutani.”

Dakika mbili zinapita. Anachukua gitaa kuukuu lililo kando ya kitanda, analichomeka, anakwangua uzi mmoja na kuuacha ulie. Sauti inatoka nene, inajaa chumba kizima, halafu inaanza kunyong’onyea hadi inakwisha. Fundi anahesabu kimoyomoyo. Sekunde sita. Anatikisa kichwa, kama alivyotikisa jana na juzi.

Amplifaya hiyo ya Kiingereza, iliyoingia nchini mwaka 1964, ni mali ya Opicho, mpiga gitaa anayeishi Huruma. Leo ni Alhamisi. Keshokutwa Opicho na wazee wenzake wa bendi watapiga muziki kwenye ukumbi wa jamii kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, na ameshairudisha mashine mara tatu kwa lalamiko lile lile: mlio wa mwisho unakatika mapema.

“Opicho si mtu wa kusingizia,” anasema fundi. “Akisema unakatika, unakatika. Nimebadilisha kapasita zote, nimebadilisha transfoma, valvu nimezihamisha hapa na pale mpaka nimechoka. Sekunde ni sita tu.”

Abdurahim ana umri wa miaka 59 na ametengeneza amplifaya tangu mwaka 1961. Zamani zile, anasema, hakuwa anapata nafasi ya kumaliza chai. Bendi za mjini zilikuwa zikipanga foleni mlangoni, na kwa mwezi alikuwa akitengeneza hata amplifaya kumi na mbili. Tangu Januari mwaka huu wa 1996 ametengeneza mbili, na hii ya Opicho ni mojawapo.

Vijana siku hizi wanapiga kinanda kimoja chenye ngoma, besi na tarumbeta ndani yake. Fundi hawalaumu. Anachokula kinatokana na pasi na redio za majirani, shilingi 150 siku ikiwa nzuri, na siku mbaya anakunywa chai kavu na kulala mapema.

Anaishi peke yake. Mkewe, Hikma, alifariki mwaka 1989. Binti yao wa pekee, Muhiba, ameolewa Mombasa na hupiga simu ya dukani kila Idi. Ndani ya nyumba kuna vikombe sita kabatini na kimoja tu chenye alama ya chai. Adhiambo, anayeuza sukuma wiki mlango wa pili, anasema kwa mwaka mzima hajaona mgeni akiingia pale ila awe amebeba kitu kilichoharibika.

“Huyo mzee huongea na mashine,” anasema Adhiambo. “Mimi nikimsikia anasema ‘lia basi, lia,’ najua hajakula. Namtupia mboga kidogo dirishani.”

Ukimuuliza fundi anajuaje kwamba amplifaya imepona, hatakuonyesha mita. Atakuonyesha rafu. Juu yake kuna santuri 70 hivi na kanda 43 za magurudumu, na hapo ndipo utakaposikia somo ambalo Abdurahim hachoki kulitoa hata kwa mtu aliyeleta pasi.

Santuri, anasema, nyingi zinadanganya. Studio za miaka ile zilikuwa zikichomeka gitaa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia ili kuokoa muda. Kwa hiyo kwenye santuri utasikia vidole vya mpigaji, vizuri kabisa, ila amplifaya yenyewe haimo. Na kanda zilizorekodiwa ukumbini nazo zina kasoro yake, maana maikrofoni iliwekwa mbali, ikameza vicheko, chupa na viatu vya watu.

“Watu wananunua santuri wanasema, sikia amplifaya hiyo! Mimi nanyamaza tu. Hakuna amplifaya hapo. Ni waya.”

Katika kanda zake zote, tatu tu ndizo anazozikubali, na katika hizo tatu, moja ndiyo anayoiapia. Haikai kwenye rafu. Inakaa chumba cha kulala, juu ya kabati, ndani ya mkebe wa biskuti, mbali na kila spika iliyomo nyumbani, kwa sababu sumaku ya spika inaweza kufuta kanda kimyakimya.

Kanda hiyo ilirekodiwa chumba hiki hiki, Jumapili moja ya Agosti 1975. Opicho alikuja kujaribu amplifaya hii hii. Mguu wa maikrofoni ulikuwa umevunjika, basi fundi akaining’iniza kwenye msumari wa mlango wa jikoni, nyuma ya amplifaya. Kwa bahati tu, ikawa imekaa mahali panapostahili. Opicho alipiga dakika nne, akamalizia kwa uzi mmoja aliouacha uende wenyewe. Walipoisikiliza, wote wawili walipigwa na butwaa. Mlio ule wa mwisho uliendelea, na kuendelea.

“Sekunde kumi na nne,” anasema Abdurahim. “Nilihesabu kwa saa ya mkononi. Opicho alinikumbatia. Tangu siku hiyo kila amplifaya iliyopita hapa niliipima kwa kanda ile, na hakuna hata moja iliyofika.”

Lakini ipo shida, na fundi anaieleza akiwa ameinamisha kichwa. Baada ya mlio ule kufa, kanda haikuzimwa mara moja. Sauti ya Hikma inasikika ikitokea jikoni: “Njooni basi, uji unapoa.” Maneno manne. Hakuna pengine popote duniani ambapo sauti ya mwanamke huyo imehifadhiwa.

Tangu amzike, Abdurahim hajawahi kufika hapo. Alichukua chaki nyeupe ya fundi wa nguo, akatia alama kwenye kanda kabla tu ya mlio wa mwisho. Akiiona alama inakaribia, anazima.

“Niliogopa,” anasema waziwazi. “Nikimsikia halafu nigeuke nikute jikoni hakuna mtu, nitafanya nini?”

Kuna hofu ya pili, ya kifundi. Kanda inazeeka. Kila inapopita kwenye mashine inaacha unga. Anachukua pamba, anaichovya kwenye spiriti, anapangusa kichwa cha mashine na kuonyesha doa la kahawia. “Unaona hii? Hii ni sauti. Ikishatoka hapa hairudi.” Mwaka 1991 alijaribu kuihamishia kwenye kaseti, sehemu ya kabla ya alama pekee, na ikatoka imebanwa pua. Hakujaribu tena.

Kwa hiyo Alhamisi hii ana mambo mawili ya kuchagua. Amrudishie Opicho amplifaya ambayo mwenyewe anaamini haijapona, au avuke alama nyeupe, asikilize mlio ule ulivyokuwa unakufa, ajue kinachokosekana. Na akivuka, Hikma atasema, na kila akirudia, Hikma atapungua.

Saa nne kasoro robo anatawadha. Anautoa mkebe. Anapachika kanda kwenye mashine, anavaa hedifoni ili asipoteze hata chembe, anaketi kwenye kigoda. Magurudumu yanaanza kuzunguka.

Mwandishi wa makala haya hakusikia chochote kilichokuwa kwenye kanda ile. Alichokiona ni uso wa mtu. Kwa dakika tatu na ushee ulikuwa uso wa fundi, macho yamefumbwa, kidole kikipiga hesabu kwenye goti. Alama nyeupe ikapita. Mkono wa kulia ukanyanyuka kwenda kwenye kitufe kwa mazoea ya miaka saba, ukasimama hewani, ukashuka.

Kidole kikaendelea kuhesabu. Tano. Sita. Kisha kikasimama na macho yakafunguka.

Alizima mashine kanda ilipofika mwisho, akavua hedifoni, akaziweka mapajani.

“Imevuta pumzi,” alisema.

Nani? mwandishi akamuuliza.

“Ile sauti. Ikifika sekunde ya sita inashuka kidogo, halafu inapanda. Miaka yote nilidhani ni umeme wa hapa Ziwani, unajua unavyochezacheza. Si umeme. Amplifaya haivuti pumzi.” Akaelekeza kidole kwenye mlango wa jikoni, kwenye msumari ambao bado upo. “Ni Hikma. Gitaa lilikuwa limeshaisha. Ni yeye aliyelipokea, anaimba kwa pua huku anakoroga uji. Na akimaliza, kabla hajatuita, anacheka.”

Akacheka na yeye, kicheko kikamgeukia katikati, akajifunika uso kwa kanzu na kulia. Hakuomba radhi.

“Alitusikia tukiisifu mashine, mimi na Opicho, wazima na akili zetu,” alisema alipotulia. “Akanyamaza. Miaka kumi na nne aliyoishi baadaye, kila nikimsifia mgeni kanda ile, yeye analeta chai na kunyamaza. Alituacha tujidanganye mwanamke yule!”

Opicho aliwasili saa nane mchana na mkokoteni aliokodi Huruma, koti la suti likiwa begani. Aliikuta amplifaya imeshafungwa mgongo na kupanguswa vumbi.

“Sasa fundi, umeweza?”

“Mashine yako ni nzima, Opicho. Imekuwa nzima tangu mwezi jana.”

“Usinichezee, bwana. Mlio unakatika! Mimi na wewe tulisikia hapa kwa hii nyumba, haukuwa unakatika.”

“Haukukatika kwa sababu shemeji yako aliupokea.”

Akamweleza yote: alama, pumzi, kicheko. Opicho alikaa juu ya amplifaya yake. Baadaye aliinuka, akachomeka gitaa, akapiga uzi ule ule na kuuacha. Wazee hao wawili walisimama, nyuso zimeelekea jikoni. Sekunde sita. Hakuna aliyeupokea.

“Maskini shemeji,” Opicho alisema. “Na mimi nikakusumbua mara tatu. Nisikilizishe basi.”

“Siyo leo. Kila nikiipiga inapungua. Nishamtumia leo vya kutosha.”

Opicho hakubisha. Alilipa shilingi 600 walizopatana, na fundi akamwomba jambo moja tu: Jumamosi, wimbo wa mwisho ukiisha, asiuzime uzi kwa kiganja kama anavyofanya akiharakishwa. Auache ufe wenyewe. Opicho akaapa. Mkokoteni ukaondoka ukigongagonga mawe, na pale amplifaya ilipokuwa imesimama pakabaki mraba usio na vumbi.

Abdurahim hatakwenda ukumbini. Anasema kelele za watu zitamwondolea anachokisikia sasa. Amebakiwa na pasi moja ya jirani na redio isiyo na mwenyewe, na jioni hii atapika chakula cha mtu mmoja kama kawaida.

Ila ana mpango. Kuna studio moja mjini yenye mashine nzuri ya magurudumu, na kijana wa hapo amekubali kuihamisha kanda mara moja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kusimama kwenye alama. Anataka nakala tatu: moja ya Opicho, moja itumwe kwa Muhiba, ambaye ana mtoto wa kike asiyewahi kumsikia bibi yake, na moja ya kwake, ya kusikiliza tu.

Miadi ni Jumanne saa tatu asubuhi. Adhiambo amejitolea kumlipia nauli ya matatu, na fundi amemkatalia. Atatoka nyumbani mapema, mkebe ukiwa kwapani, apite pembeni mwa barabara hadi mjini kwa miguu yake.

“Matatu za siku hizi zina spika chini ya kila kiti,” anasema, akiufunga mkebe kwa kamba. “Siwezi kumpitisha Hikma kwenye sumaku.”