Swali la Binti wa Dereva

Mradi wetu ulikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, mtu mzima asiguse kompyuta ya mtoto. Ya pili, mtoto akikuuliza swali, umrudishie swali. Tulikuwa tukichunguza jinsi watoto wanavyobuni mambo wakijifunza kuandika programu, na mkubwa wetu, msomi aliyekuwa akija kutoka Nakuru mjini, aliamini kwamba jibu la mtu mzima huua ubunifu. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilizunguka darasani mikono nyuma kama askari jela, nikiuliza "Wewe unaonaje?" mpaka nikaichukia sauti yangu mwenyewe.

Shule ilikuwa karibu na Salgaa, kituo cha malori kwenye barabara kuu, kwa hiyo watoto walitengeneza malori. Programu ilikuja na paka wa kuchezesha, lakini paka huyo hakumaliza hata somo la kwanza. Kila skrini ilikuwa na barabara, mteremko na tela. Mtoto alipanga amri moja chini ya nyingine, akabonyeza, lori likatembea, na darasa zima likashangilia.

Mmoja tu hakushangiliwa. Babake alikuwa dereva. Likizo ya Aprili alimbeba bintiye safari moja, na kwenye mteremko lori likamshinda. Alikufa yeye, akafa na mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara. Binti alitoka na mkono uliovunjika. Mtoto wa yule mama alikuwa darasa hilohilo, mvulana mkimya wa kiti cha mbele. Watu walisema dereva alikuwa amelewa, wengine eti alisinzia kwenye usukani. Watoto waliyabeba maneno ya nyumbani wakayaleta shuleni, na hakuna aliyekubali kushiriki kompyuta na binti wa dereva. Nilimhurumia sana, na wale wengine nikawachukia kidogo, ingawa walikuwa watoto.

Lori lake lilishuka vizuri kuliko yote. Halikuchomoka kama ya wenzake. Lilianza taratibu, likaongeza kasi kidogo kidogo, kama ilivyo kweli. Siku moja akaniita.

"Mwalimu, hii lori inasimama aje?"

Jibu nilikuwa nalo. Ni amri moja tu.

"Wewe unaonaje?" nikamwuliza.

"Si ningekuwa najua singekuuliza."

Jioni mkubwa wetu alisikiliza rekodi ya somo, akafurahi. "Umeona? Huyo anafikiri," akasema. Nilitamani kumrushia kikombe cha chai. Nilinyamaza kwa sababu niliihitaji ile kazi.

Wiki iliyofuata binti alikuja na njia yake. Alichora watu kando ya barabara, akampa kila mmoja amri: lori likianza tu kushuka, mwenye pikipiki asonge, muuza nyanya asonge, mwenye jiko la mahindi asonge. Akabonyeza. Watu wote wakakimbia, na lori likapita kwenye barabara tupu hadi likaishia mwisho wa skrini peke yake. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Watoto wakamzunguka, na wa mwisho kufika alikuwa yule mvulana.

"Huyu wa mahindi ni nani?" akauliza.

"Ni mathe wako."

Mvulana akashika kipanya, akamvuta mamake hadi kando ya jiko, akaifuta ile amri ya kusonga.

"Hakusonga," akasema. "Hakuna mtu alimwambia asonge." Kisha akanigeukia, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, inasimama aje?"

Kanuni na ziende huko. Nilikichukua kipanya, nikaweka amri ya kusimama, nikabonyeza. Lori likashuka, likasimama kabla ya kufika kwenye jiko. Nilidhani nimewasaidia.

Binti wa dereva aliitazama skrini, akaiondoa amri yangu.

"Hiyo baba alikanyaga," akasema. "Nilimwona. Alikanyaga breki mpaka akasimama juu yake. Ilikataa."

Miezi yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza, hata sisi tuliolipwa kuuliza. Niliona aibu.

"Si wanasema alikuwa amelala?" mvulana akauliza.

"Hakulala. Alikuwa anapiga honi. Kutoka juu alikuwa anapiga tu honi, watu watoke."

Mkono wa mvulana ulikuwa bado juu ya meza, karibu na kipanya.

"Hiyo honi niliisikia," akasema. "Nilikuwa kwetu, nilisikia ikilia mpaka ikanyamaza."

Akavuta kiti, akakaa karibu na binti. Wakaanza kutafuta sauti ya honi kwenye programu, wakijaribu moja baada ya nyingine, mvulana akitikisa kichwa mpaka walipoipata inayofanana na ya siku ile. Waliiweka juu kabisa ya mteremko. Mama walimwacha palepale kwenye jiko.