Nilivyoipa Maksi Miji ya Marekani

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, niliyomwacha mteja kitini na nusu ya kichwa haijanyolewa, nikatoka mbio hadi stendi ya mabasi. Usicheke kwanza. Nakuona tangu asubuhi na hiyo simu yako, unatazama picha za Marekani unakotaka kwenda, "huu ndio mji, huu si mji," macho yamekutoka kama yalivyonitoka mimi. Kaa hapa nikusimulie.

Ilikuwa hapa hapa Durban, miaka michache baada ya Kombe la Dunia kuchezwa hapa Afrika Kusini. Nilikuwa kijana, kinyozi mtaa wa Albert Park, na kibanda changu kilikuwa chini ya ghorofa nililokaa. Wateja wangu wengi walikuwa Wakongo wenzangu na Warundi. Siku hizo kila mkimbizi alikuwa na faili la kwenda Marekani, au ndugu yake analo, au alidanganya kwamba analo. Na mimi, ambaye faili langu lilishakataliwa, ndiye niliyekuwa mwalimu wa miji! Nilijifunza kwa picha za waliotangulia na kwa video za intaneti. Kando ya kioo nilibandika karatasi, nikaipa miji maksi kwa kalamu nyekundu.

New York tisini na nane! Treni zinapita chini ya ardhi usiku kucha, ukikanyaga tu unajua uko wapi. Chicago tisini na tano: kule treni inapita juu, katikati ya maghorofa, na lile ziwa, aah, utaapa ni bahari. New Orleans si mrefu wa kutisha, lakini niliupa tisini kwa sababu haufanani na mwingine wowote, barabara zina majina ya Kifaransa na tarumbeta zinalia mchana kweupe. Los Angeles ulinisumbua. Mkubwa, sawa, lakini mbona kama vijiji vingi vilivyoshonwa pamoja? Na Houston, ukitaka mkate sharti uwashe gari. Hamsini! Wateja walibishana hadi mate yakaruka, na mimi nilifurahi, jamani, nilifurahi mno. Debe tupu haliachi kuvuma.

Sasa, mdogo wangu Neema, mjane mwenye watoto wawili, faili lake lilipita hadi mahojiano ya mwisho. Huko wangemuuliza kama ana ndugu Marekani, maana ukimtaja ndugu, mara nyingi unapelekwa aliko. Ndugu tulikuwa naye: Baraka, mtoto wa mama yetu mdogo. Lakini alikuwa Boise. Boise, mwanangu! Niliutafuta kwenye video nikaona vinyumba vya chini, milima kwa mbali, na mtu mmoja anatembeza mbwa. Nikaupa ishirini na mbili.

"Sema huna ndugu," nilimwambia Neema. "Usiende kujizika Boise. Omba Chicago."

Alinikata jicho tu, akaendelea kumsuka binti yake. Nami nikatangaza kibandani kwamba mdogo wangu anakwenda Chicago.

Jumatano hiyo saa nane mchana ndipo Neema alikuwa apande basi la Pretoria, akahojiwe kesho yake. Saa saba akaja Mzee Athumani kupunguza ndevu. Huyu alikuwa wa wale Wazanzibari wa hapa Durban ambao mababu zao walikaa Bluff tangu zamani, ng'ambo ya bandari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kizamani, cha taratibu. Alikaa kungoja huku nikimnyoa dereva mmoja Mtanzania wa malori ya makontena. Nami, kama kawaida yangu, nilikuwa nahubiri Chicago.

"Kijana," mzee akasema, "hiyo treni ya huko hupita wapi?"

Nikaeleza, mashine ya kunyolea iko juu hewani, stesheni moja baada ya nyingine.

"Mashallah. Na mlango unaotazamana na wako, hapa juu, akaa nani?"

Eish! Miaka minne nimekaa pale, na nilichojua ni rangi ya mlango.

Mzee hakucheka. "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nimezaliwa Bluff, nyumba za mabati. Makaburu walipotuhamishia Chatsworth nilikuwa mtoto, wakatupa za matofali, na mama yangu akalia mwaka mzima. Hakulilia mabati. Alilia kwa kuwa akipiga hodi hajui nani ataitika. Sasa huyo mdogo wako akiugua huko Chicago, na watoto wawili, atapiga hodi kwa nani? Kwa treni?"

Mwanangu, nikatazama saa: dakika chache kabla ya saa nane. Nikapiga simu ya Neema, imezimwa. Nikatupa mashine, nikakimbia. Robot, zile taa za barabarani, zikiwa nyekundu nikapita, taxi zikanipigia honi, na nyuma yangu yule dereva, kitambaa changu shingoni, anapiga kelele: "We kinyozi! Na upande huu umeniachia nani?"

Basi lilikuwa limewasha injini. Neema alikuwa mguu mmoja juu ya ngazi.

"Mtaje Baraka!" nikapaza sauti, pumzi imenikatika. "Wakikuuliza, mtaje Baraka!"

Akanitazama, akaangua kicheko. "Kaka, Baraka nilimuandika tangu fomu ya kwanza."

"Na Chicago?"

"Chicago ilikuwa yako. Niliona unafurahi, nikakuacha." Halafu kicheko kikamwisha. Akanishika mkono, ukiwa bado na nywele za watu. "Watoto wamezoea mjomba wa kuwapeleka shule na kuwagombeza. Huko wewe hutakuwepo, Kaka. Nilitaka mahali penye mjomba."

Yaani miji yote ile niliipima, na hata siku moja sikuwa nimekaa nikafikiri kwamba Neema anaondoka. Nililia pale stendi kama mtoto. Yule dereva, na nusu kichwa chake, akavua kitambaa changu akanipa nijifute.

Jioni ile nikagonga mlango ule wa mbele yangu. Akafungua mama wa Kirundi, akanitazama juu hadi chini. "Miaka minne nakusikia unaimba bafuni," akasema. "Unaimba vibaya. Ingia." Ndiye huyo Mama Divine uliyekula kwake jana.

Neema yuko Boise mpaka leo, na watoto wanalalamika kwamba mjomba Baraka ni mkali kuliko mimi. Ile karatasi sikuichana. Niliongeza mstari mmoja tu: Boise, mia.

Basi, mwanangu, sikukatazi kuitazama miji. Itazame! Ipende, bishana na wenzako, Mungu hakuumba macho ya bure. Lakini usimchagulie mtu mji kwa macho yako, na usiupe mji maksi kabla hujauliza nani ataitika ukipiga hodi. Na hapa ulipo, kabla ya safari, wajue majirani zako kwa majina. Mtu ni watu.

Nenda, Mungu akutangulie. Uendako kokote, urefu wa maghorofa uwe shauri lao. Wewe ukibisha hodi, ukiulizwa "Nani?", ukajibu "Ni mimi," Mungu akupe atakayeijua sauti yako, aje kufungua mbio mbio.